Mimea ya bwawa na kinamasi kwenye nusu kivuli

Mimea ya bwawa na kinamasi kwenye nusu kivuli ni mimea ya majini na ya udongo chepechepe inayomudu mahali panapopigwa na jua moja kwa moja kwa saa tatu hadi sita tu kwa siku. Ipo inayozama kabisa, inayoelea, inayosimama kwenye maji ya kina kifupi, na inayoota pembezoni ambako udongo haukauki. Kivuli huyapunguza maua kabla ya kuyagusa majani, ndiyo maana bwawa la kivulini hutegemea majani kwa uzuri wake.

Mwanga na kivuli

Mmea wa majini hunyimwa mwanga mara mbili: kwanza na matawi au ukuta, kisha na maji yenyewe, hasa yakiwa na tope au yakigeuka hudhurungi kwa majani yaliyooza. Kwa hiyo mmea ulio futi moja chini ya maji huishi gizani zaidi kuliko jirani yake aliye ukingoni, hata kama kivuli kinachowafunika ni kimoja.

Hata hivyo kivuli kina manufaa, hasa katika nchi za joto. Maji ya nyuzijoto 20 za selsiasi hushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hushika kama 7.5 tu. Bwawa linalofunikwa kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana hubaki na ubaridi, hukauka polepole, na mwani wa kijani haulivamii kwa kasi. Pa kufaa zaidi ni mahali panapopata jua la asubuhi, tangu saa moja hadi saa tano.

Karibu na ikweta kivuli hakikai upande mmoja mwaka mzima. Jijini Dar es Salaam, adhuhuri ya mwishoni mwa Juni jua huwa kaskazini, na ukuta wa mita 3 uliojengwa kutoka mashariki kwenda magharibi hutupa kivuli cha karibu mita 1.75 upande wa kusini. Mwishoni mwa Desemba jua huwa limehamia kusini, na ukuta uleule hutupa kivuli cha chini kidogo ya mita 1 upande wa kaskazini. Bwawa lililochimbwa kusini mwa ukuta kwa kufuata kivuli cha Juni litakuwa juani adhuhuri za Desemba. Ni vizuri mahali pakaguliwe katika miezi yote miwili.

Aina ya kivuli nayo ina uzito. Mwembe hutupa kivuli kizito na majani makubwa, ilhali mgunga hupitisha mwanga mwingi lakini vijani vyake ni vidogo mno hata havizuiliki kwa wavu. Mianzi haifai kabisa kuwa jirani wa bwawa, kwa sababu machipukizi yake ya chini kwa chini hutoboa turubai linalotandikwa chini ya maji.

Mimea inayofaa

Majimbi (Colocasia esculenta), ambayo Kenya huitwa nduma, ndiyo yanayoongoza. Asili yake ni Asia, lakini yamelimwa Afrika tangu zamani. Majani yake mapana hunasa mwanga hafifu, na mmea hustahimili mizizi kukaa majini. Una fuwele za kalisi oksalati zinazowasha mdomo na koo, kwa hiyo hauliwi bila kupikwa ukaiva.

Ndago aina ya Cyperus alternifolius, yenye majani yanayotawanyika kileleni kama vijiti vya mwavuli, ni ya asili ya Afrika na Madagaska. Humea juani na kivulini. Kichwa chake kikikatwa na kuelekezwa chini ndani ya maji, hutoa mizizi na miche mipya.

Kangaga la mikokoni (Acrostichum aureum) huota pwani kwenye maji ya chumvichumvi na hufaa bustani zilizo karibu na bahari. Katika nyanda za juu zenye baridi, yungiyungi la Afrika Kusini (Zantedeschia aethiopica) hutoa maua meupe hata kwenye nusu kivuli. Nalo lina sumu likiliwa bichi. Kwenye ukingo wenye unyevu usiotuama, Impatiens walleriana, mmea wa asili wa Afrika Mashariki, huchanua vizuri kivulini. Ndani ya maji, Ceratophyllum demersum huelea bila mizizi na huridhika na mwanga kidogo.

Mimea isiyofaa au yenye masharti

Mafunjo (Cyperus papyrus), yanayofikia mita 4 hadi 5 kwenye vinamasi vya Ziwa Victoria, ni ya kundi la C4 sawa na mahindi na miwa. Hustawi penye jua kali na kivulini huwa membamba na kulala. Mayungiyungi ya majini (Nymphaea) huhitaji jua kwa muda wa saa sita hivi kwa siku ili yachanue vizuri. Yakipata jua kwa muda wa saa nne tu huweza kutoa majani mengi na maua machache. Nymphaea lotus huchanua usiku, lakini hilo halilifanyi kuwa mmea wa kivuli, maana chakula chake hutengenezwa na majani mchana. Panapopata jua kidogo, chungu cha yungiyungi huwekwa juujuu, sentimita 15 hadi 30 chini ya uso wa maji.

Upandaji na utunzaji

Vyungu hujazwa udongo wa mfinyanzi usio na samadi mbichi na kufunikwa kokoto ili udongo usitibuke. Kinamasi cha bustani huchimbwa kina cha sentimita 40 hadi 50, hutandikwa turubai lenye matundu machache, kisha hujazwa udongo na mboji. Mbolea huwekwa kidogo kuliko juani, kwa kuwa mmea unaokua taratibu hauimalizi na ziada hulisha mwani. Kazi kubwa ni kuopoa majani yaliyoanguka, kwani yakioza hula oksijeni ya samaki.

Mbu na magugu

Kivuli hakizuii mbu. Anopheles gambiae hupendelea vidimbwi vya muda vilivyo juani, lakini Anopheles funestus, anayeeneza malaria vilevile, hutaga kwenye maji ya kudumu yenye mimea. Perege wadogo au gapi hula viluwiluwi vya mbu, mradi mimea isisongamane kiasi cha kuwazuia kupita.

Mimea inayoelea huhitaji tahadhari. Gugu maji, lililotoka Amerika Kusini na kuonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, limeziba bandari na mialo ya wavuvi. Halipaswi kupandwa hata kwenye beseni. Mimea yoyote iliyopunguzwa bwawani hukaushwa juani kwanza, ndipo igeuzwe mboji; haitupwi mtoni wala mferejini.