Mwezi na Tetemeko la Nchi

Wasomaji wetu, wengi katika Mpanda na Karema hutuuliza: Je, ni kweli ya kuwa mwezi ukiwa mpevu nchi yaweza kutetemeka? Swali hili si la upuzi. Na tutazame kwanza habari zilizopita.

Tarehe 13 Desemba 1910 nchi ya Ufipa na Rukwa, kusini yetu, ilitikisika kwa nguvu nyingi, kipimo kama 7.4. Tena tarehe 5 Desemba 2005, alasiri, palitikisika katika ziwa Tanganyika, kipimo 6.8, huko Kalemie, ng'ambo ya pili, nyumba zikaanguka, watu wakafa.

Basi tuhesabu mwezi. Mwaka 1910 zilibaki siku tatu mwezi uwe mpevu. Mwaka 2005 mwezi mpya ulikuwa umepita siku nne. Lakini tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la Sumatra lilipopandisha bahari juu ya nchi kavu, mwezi ulikuwa mpevu kweli.

Watu wa pwani waijua bamvua: mwezi na jua vikivuta pamoja, maji hujaa sana na kupwa sana. Hata nchi kavu huinuka na kushuka kila siku, yapata sentimita 30, wala hatuoni, maana sisi na nyumba zetu twapanda pamoja nayo.

Walakini nguvu hiyo ni ndogo. Nchi yetu hutetemeshwa na bonde la ufa, ambalo kingo zake zaachana milimita chache kila mwaka. Miamba hushikana, huvutwa miaka mingi, kisha hukatika. Kamba iliyolika ikikatika ndege anapotua juu yake, hatusemi ndege ndiye aliyeila. Mwaka 2016 wataalamu wa Japani walionyesha ya kuwa matetemeko makubwa sana huelekea kutokea zaidi wakati mvuto wa mwezi na jua ukizidi. Lakini kwa hayo hakuna awezaye kutaja siku wala saa.

Kwa hiyo, mtu akiwaambia mlale nje kwa ajili ya mwezi mpevu, msimfuate. Wala mwezi ukiwa mchanga msijione salama. Mwezi huja na kupita, bali ufa uko chini yetu siku zote. Tujenge msingi imara, pembe za kuta zifungamane, na paa liwe jepesi. Hayo ndiyo yaliyo mikononi mwetu.