Siku tuliyozunguka Bagamoyo kwa miguu

Najua nimeadimika. UE zilinibana kweli kweli, ila zimeisha na bado napumua. Leo naandika ile safari ya familia niliyowaahidi.

Likizo iliyopita mimi, baba, mama na mdogo wangu wa darasa la sita tulitoka Ruhembe kwenda Bagamoyo kumsalimia shangazi. Kesho yake nikawaambia leo tunazunguka Mji Mkongwe, tena kwa miguu. Mama akavaa kandambili, baba akavaa viatu vyake vya kanisani. Hapo hapo nikajua kuna mtu atalia njiani.

Tulianzia Ngome Kongwe. Ni jengo la karibu mwaka 1860, Mwarabu mmoja alilijenga kama nyumba yake, baadaye likawa ngome, gereza, mpaka kituo cha polisi. Baba akagusa ule ukuta wa matumbawe akasema, "Wenzetu wana historia. Sisi Ruhembe tuna nini? Miwa tu."

Jamani, iliniuma. Mimi nasomea ualimu wa historia, halafu mzazi wangu mwenyewe anaamini historia ni ya watu wenye magofu! Nikaamua siku isiishe sijamjibu.

Tukaenda Caravan Serai, mahali ilipopumzika misafara. Karne ya 19 Bagamoyo ndio ulikuwa mlango wa njia ya kati, ile ya kwenda Tabora mpaka Ujiji. Kutoka pwani zilipanda merikani, shanga na nyaya za shaba. Kutoka bara zilishuka pembe za ndovu. Punda walikuwa wanakufa njiani kwa mbung'o, kwa hiyo mzigo ulipanda kichwani na begani kwa binadamu, kilo 30 hivi kila mtu, na safari ya Tabora ilikuwa kama miezi 3.

Sekondari tulikariri kwamba kila aliyebeba pembe alikuwa mtumwa. Watumwa walipitishwa hapa, tena wengi, na uchungu wao haufai kupunguzwa hata kidogo. Ila wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa malipo. Walipatana ujira, na wakionewa waliweza kutua mzigo na kuondoka. Ukiwaita wote watumwa unawanyang'anya hata akili yao ya kazi.

Nikamgeukia baba. "Unajua njia hii ilipita wapi?" Stanley alitoka Bagamoyo Machi 1871 kumtafuta Livingstone. Masika yakamkuta kwenye mbuga ya Mkata, msafara ukahangaika na tope na mafuriko, ndipo wakafuata bonde la mto Mkondoa, huu huu wa Kilosa. Na mbuga ya Mkata inaendelea mpaka ndani ya Hifadhi ya Mikumi, tulikopita na basi mdogo wangu akihesabu twiga! Baba akasema, "Ehee?" Akanyamaza.

Saa sita tukawa Misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868. Pale kuna mbuyu mkubwa wenye kipande cha mnyororo kilichomezwa na shina. Mdogo wangu akapiga kelele, "Watumwa walifungwa hapa!" Kumbe mnyororo ule Madame Chevalier alikuwa anafungia punda wake. Tulicheka, lakini lile ni somo zima la historia: usione mnyororo ukamaliza hadithi mwenyewe, uliza kwanza.

Hapo misheni ndipo mwili wa Livingstone ulipolazwa Februari 1874, baada ya Susi, Chuma na wenzao kuubeba kwa miezi mingi kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Mama akauliza, "Mbona mnara una jina la aliyebebwa, waliobeba je?" Mama yangu ameishia darasa la saba, lakini swali hilo ningeliweka kwenye UE.

Mwisho tukafika Boma la Wajerumani, la mwaka 1897. Hapo nikamalizia jibu langu. Novemba na Desemba 1884 Carl Peters aliingia bara akawafanya watawala wa Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami watie alama kwenye mikataba ya Kijerumani. Februari 1885 Kaisari akaipa kampuni yake hati ya ulinzi juu ya nchi hizo. Usagara, baba! Huko huko kwetu Kilosa. Watu wa pwani walipopinga mwaka 1888, Abushiri bin Salim akiwa kiongozi, ile karatasi ya bara ilikuwa imeshawafikia. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka 1891 makao makuu ya koloni yakahamia Dar es Salaam, kisha reli ya kati ikapita Kilosa na kufika Kigoma mwaka 1914. Kilosa ikapata treni, Bagamoyo ikakosa wapagazi.

Kwa hiyo Ruhembe hatuna kuta za matumbawe, sawa. Lakini mji huu ulijengwa na miguu iliyopita upande wetu, ukatawaliwa kwa karatasi iliyotiwa alama upande wetu, ukapoa kwa reli iliyopita upande wetu. Historia haikai pale tu palipobaki mawe.

Jioni kandambili ya mama ilikatika, anatembea pekupeku mkononi kashika kipande. Baba akakaa chini pwani, akavua kiatu, kisigino kina lengelenge. Akaliangalia weee, halafu akaniuliza:

"Mwalimu, hao wa miezi mitatu walivaa viatu gani?"

Wadau, nikienda TP somo la misafara sitalianzia Bagamoyo. Nitalianzia Mkata, na swali la kwanza litakuwa hilo la baba.

Haya, tuonane wiki ijayo panapo majaaliwa. Bumu likitoka nitawasimulia mengine!