Nta, Utambi na Nuru ya Pwani

Wazee walisema: Fuata nyuki ule asali. Methali hii ni njema, lakini imenyamaza juu ya jambo moja. Nyuki hatengenezi asali peke yake. Hutengeneza nta pia. Asali huliwa ikaisha, bali nta hubaki. Katika historia ya pwani ya Malindi na Kilifi, nta ilipakiwa majahazini pamoja na mali za thamani, ikavuka bahari mpaka nchi ambazo warina asali hawakuziona kamwe. Hata hivyo nyumba za pwani ziliendelea kumulikwa na taa za mafuta. Kwa nini watu waliokuwa na nta hawakuwa watu wa mishumaa? Jibu la swali hili lina mafunzo kwa kijana wa leo.

Malindi ilikuwa bandari mashuhuri kabla Wareno hawajaiona. Vasco da Gama alitia nanga huko mwezi wa Aprili 1498, na huko ndiko alikopata rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Miaka ishirini hivi baadaye, Mreno mwingine, Duarte Barbosa, alikamilisha kitabu chake juu ya nchi zilizopakana na bahari hiyo. Asema kwamba merikebu nyingi za Khambhat, mji wa Gujarati, zilifika Malindi kila mwaka na shehena za bidhaa, zikarudi kwao na dhahabu, pembe za ndovu na nta. Msomaji na atazame jinsi vitu hivyo vilivyotajwa pamoja. Kitu tunachokitupa leo baada ya kukamua sega kilisimama safu moja na dhahabu.

Kuipata nta si kazi ya siri. Masega yaliyokwisha kukamuliwa hutiwa katika maji, yakachemshwa polepole, kisha yakachujwa kwa kitambaa. Maji yakipoa, nta huelea na kuganda juu kama mkate wa manjano. Misitu ya nyuma ya pwani ina nyuki tangu zamani. Wagiriama na jirani zao hutundika mizinga ya magogo mitini, na Waata, wawindaji hodari wa nyika, walijulikana kwa kurina asali. Msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio kati ya Kilifi na Malindi na wenye eneo la kilomita za mraba 420 hivi, ni mabaki ya msitu uliokuwa mkubwa zaidi.

Sasa tuingie ndani ya nyumba za watu wa zama zile. Magofu ya Gede, karibu na Malindi, yanatusaidia. Mji huo ulistawi sana katika karne ya 15, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17, na tangu mwaka 1948 mpaka 1958 ulichimbuliwa na James Kirkman. Katika kuta za matumbawe mna vishubaka vilivyochongwa kwa ustadi, na wachunguzi wameeleza kwamba baadhi yake viliwekwa taa. Nyumba moja imepewa jina la Nyumba ya Taa ya Chuma, kwa sababu ya kitu kilichookotwa humo. Mwaka 2024 Gede iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kwa nini taa, si mshumaa? Sababu moja ni tabia ya nchi yenyewe. Mafuta ya nazi huyeyuka yafikapo digrii 24 za sentigredi, na Malindi kwa sehemu kubwa ya mwaka huwa na joto kuliko hapo. Basi mafuta ya nazi chomboni ni majimaji karibu wakati wote. Hayawezi kusimama yakawa mshumaa. Lakini yatie katika kibakuli, laza utambi wa pamba ukingoni, nawe una taa. Mafuta ya ufuta ni vivyo hivyo. Katika nchi za baridi za Ulaya, shahamu ya ng'ombe na kondoo iliganda yenyewe, na maskini aliweza kuifanya mshumaa. Watu wa pwani hawakukosa akili ya mshumaa; walitumia kile ambacho hewa yao iliwaruhusu kukitumia kwa urahisi, na nta iliyo ghali wakaiuza.

Mambo yalijirudia katika karne ya 19 kwa sura ya huzuni zaidi. Malindi, iliyokuwa imedhoofika, ilifufuliwa mwaka 1861 katika enzi ya Seyyid Majid, Sultani wa Unguja. Mashamba makubwa ya mtama na ufuta yakafunguliwa, nayo yalilimwa kwa jasho la watumwa. Ufuta mwingi wa pwani ulinunuliwa na wafanyabiashara wa Kifaransa, ukapelekwa Marseille kukamuliwa mafuta. Aliyepalilia ufuta ule juani hakuwa na haki hata ya kuuza tembe moja. Hadhi ya utumwa haikufutwa katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Tukiisifu biashara ya zamani, tusisahau mikono iliyoibeba.

Twaona basi desturi moja katika karne hizi zote: kitu kibichi kilitoka pwani, na kazi ya kukigeuza ikafanywa ng'ambo. Ng'ambo nako, kazi hiyo haikuwa rahisi. Mshumaa wa shahamu ulitoa moshi na harufu mbaya, na utambi wake ulihitaji kukatwa kila mara, la sivyo ulirefuka na kujaa masizi. Mwaka 1823 Mfaransa Michel Eugène Chevreul alitoa kitabu kilichoeleza asili ya mafuta ya wanyama, na kutokana na uchunguzi wake ikapatikana stearini, ngumu na safi kuliko shahamu. Mwaka 1825 Mfaransa mwingine, Cambacérès, akaleta utambi wa kusukwa. Utambi huo hujikunja kidogo uwakapo, ncha yake ikatoka pembeni mwa moto na kuteketea yenyewe. Jambo dogo kama kusuka nyuzi tatu badala ya kuzisokota liliondoa adha ya karne nyingi.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1860 kuingia 1861, mwanachuoni Michael Faraday aliwahutubia vijana wa London juu ya mshumaa mmoja tu. Aliwaonyesha kwamba si utambi unaotulisha nuru. Utambi hupandisha nta iliyoyeyuka, joto huigeuza kuwa mvuke, na mvuke huo ndio uwakao. Ukilifahamu hili, umefahamu kwa nini utambi ndio roho ya mshumaa.

Mwishoni mwa karne hiyo mafuta ya taa yakaenea pwani, yameletwa katika madebe. Hapo mafundi wa bati walionyesha uhodari wao: debe tupu na mkebe uliotupwa vikawa koroboi. Wanafunzi wengi wa Kilifi walisoma kwa nuru yake, pua zikijaa masizi. Na kila mama aliyeendesha koroboi alikuwa mchunguzi bila ya kujiita hivyo. Alijua kwamba utambi ukivutwa juu mno, moshi hujaa chumbani. Ukishushwa mno, moto hufifia. Alijaribu, akatazama, akarekebisha.

Leo umeme umefika katika miji na vijiji vingi vya pwani, na mshumaa haukuisha, umebadili kazi. Watu huuwasha ili nyumba ipendeze na kunukia. Katika miaka ya 1990 huko Marekani ilianza kutumika nta itokanayo na mafuta ya soya, yaliyogandishwa kwa kutiwa haidrojeni. Nta hiyo huyeyuka kwa moto mdogo, na mtu aweza kuitengeneza mshumaa jikoni kwake. Hapa ndipo historia inapotuuliza: je, tutakuwa wanunuzi tu kwa mara nyingine? Asiyejua kujaribu atabaki mnunuzi. Basi na tuangalie jaribio lenyewe lilivyo.

La kwanza ni utambi. Tuseme una bilauri tatu zilizo sawa, zenye upana wa sentimita saba na nusu. Zitie nta ile ile kwa kipimo kile kile, lakini kila moja uipe utambi wa unene wake. Ziwashe kwa muda wa saa tatu, yaani saa moja kwa kila sentimita mbili na nusu za upana. Utambi mwembamba mno utachimba shimo katikati, nta ya pembeni ibaki imeganda, na mwisho moto uzame. Utambi mnene mno utatoa masizi, ncha yake itaota kichwa kama uyoga, na bilauri itapata joto la hatari. Utambi ufaao huyeyusha nta taratibu mpaka ukingoni, na ulimi wake wa moto hutulia. Kabla ya kuwasha tena, ukate ubaki nusu sentimita hivi.

La pili ni harufu. Katika jambo hili watu wa pwani si wanafunzi wapya. Chetezo, udi na ubani vimo majumbani mwao tangu zamani, na asmini na mawaridi hupamba arusi zao. Mama apikaye udi nyumbani huchanganya vipande vya mti unukiao na sukari na manukato, kisha huufunika chomboni siku nyingi kabla ya kuutia makaani. Hauhukumu kwa kuunusa sufuriani. Huuhukumu kwa moshi wake. Mshumaa ni vivyo hivyo. Manukato ya mshumaa kwa kawaida huwa kati ya sehemu sita na kumi katika kila mia ya uzito wa nta. Kwa gramu 200 za nta, hiyo ni gramu 12 mpaka 20. Mwenye pupa huzidisha, akidhani kuzidi ndiko kunukia. Lakini nta ikishindwa kuyabeba, mafuta hutoka juu kama jasho, na utambi huziba. Tena manukato hubadili uwakaji. Utambi uliofaa katika nta tupu huenda usifae katika nta yenye manukato, na kwa hiyo hujaribiwa upya.

La tatu ni subira. Nta ya soya huganda kwa nje siku ile ile, lakini ndani huendelea kutulia na kuwa ngumu kwa siku kadhaa zaidi. Watengenezaji wengi huiacha wiki moja au mbili kabla ya kuipima. Anayeuwasha mshumaa wake kesho yake na kulalamika kwamba haunukii, amehukumu embe bichi kuwa chungu. Wapika udi wangaliweza kumfundisha.

Kuna na jambo la nne, ambalo vitabu vya nchi za baridi havilitilii mkazo: joto la pwani. Nta ya nyuki huyeyuka karibu na digrii 62 mpaka 65, na ya soya chini ya hapo sana. Mshumaa wa soya ulioachwa dirishani Malindi mwezi wa Machi waweza kulainika na kutoka jasho. Wengi huchanganya nta ya nyuki kidogo ili uwe mgumu zaidi. Hapo ndipo nta ileile iliyotajwa na Barbosa inaporudi nyumbani. Pembeni mwa Arabuko-Sokoke, mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, umewaonyesha wanakijiji kwamba msitu ulio hai huleta fedha kwa vipepeo na asali. Na palipo na asali, nta haikosekani.

Katika majaribio yote haya kanuni ni moja: badili jambo moja kwa wakati mmoja, na uliandike. Ukibadili utambi, manukato na bilauri kwa siku moja, mshumaa ukifaulu hutajua sababu, na ukiharibika hutajua kosa. Daftari la senti chache lina thamani kuliko kumbukumbu ya mjuzi.

Wala usisahau hatari. Nyumba nyingi za pwani zimeezekwa makuti, na cheche moja huweza kuteketeza kazi ya miaka. Yeyusha nta katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiiweke juu ya moto wenyewe. Ikishika moto, usiimwagie maji kamwe; zima jiko, ukaifunike. Na mshumaa unaojaribiwa usiachwe peke yake hata kwa dakika moja.

Sasa twaweza kulijibu swali tuliloanza nalo. Pwani haikukosa nta, wala pamba, wala manukato, wala mikono mizuri. Hali ya hewa iliwapa taa, biashara ikawanunulia nta yao ikiwa mbichi, na dhuluma ikawanyima wengi hata matunda ya jasho lao. Sababu ya kwanza si kosa la mtu, na ya mwisho imekwisha katika sheria. Ile ya kati ndiyo iliyosalia mikononi mwetu. Anayeuza nta huuza uzito wake. Anayeuza mshumaa mzuri huuza pia elimu aliyoipata kwa kujaribu mara kumi na kukosea mara tisa. Methali ilitufundisha kumfuata nyuki. Tumfuate basi mpaka kwenye nta, na kutoka kwenye nta mpaka kwenye nuru.