Mlo wa ketojeni

Mlo wa ketojeni ni tiba ya kifafa yenye mafuta mengi na wanga kidogo mno. Ulipendekezwa mwaka 1921 na daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, aliyetaka kuiga athari za kufunga kula, ambako tayari kulijulikana kupunguza kifafa. Ini hugeuza mafuta kuwa ketoni, nazo huulisha ubongo badala ya glukosi. Katika mlo asilia, gramu 4 za mafuta huambatana na gramu 1 tu ya protini na wanga kwa pamoja. Kuuandaa ni kazi nzito kwa mzazi anayepima kila tonge la mwanawe. Mlo huu hutumika hasa kwa watoto wasiotulizwa na dawa. Usianzishwe bila daktari, wala dawa zisiachwe kiholela.