Naukan: Kijiji Kilichohamishwa

Mtu akiifuata ramani ya Urusi kuelekea mashariki mpaka ncha ya mwisho ya Asia, atafika Rasi Dezhnev. Mbele yake ni Mlango wa Bahari wa Bering, na ng'ambo ni Alaska. Katika mteremko wa mawe wa rasi hiyo palikuwa na kijiji cha Naukan, makao ya Wayupik.

Ardhi yao haikulimika. Bahari ndiyo iliyokuwa shamba lao. Waliwinda sili, nyangumi, na wale wanyama wa baharini wenye meno marefu mfano wa pembe za ndovu. Nyama ilikuwa chakula, mafuta yaliwasha taa, ngozi ziliwambwa kuwa mashua, na mifupa ya nyangumi ilitumika kujengea nyumba. Mahali ambapo mgeni angepaita ukiwa, wao walipajua kuwa ghala.

Wala hawakujiona kuwa wako mwisho wa dunia, maana katika Visiwa vya Diomede na Alaska walikuwa na jamaa na washirika wa biashara. Urusi iliiuza Alaska kwa Marekani mwaka 1867, na bado safari hazikukatika. Mwaka 1938 serikali hizo mbili zilipatana kuwaruhusu wenyeji watembeleane. Mwaka 1948 uhasama wao ukaufunga mpaka. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Mwaka 1958 utawala wa Kisovieti ulikifunga kijiji chenyewe, kwa hoja kwamba mteremko ule haukufaa kwa majengo mapya. Wengi walipelekwa Nunyamo, nacho kikafungwa mwaka 1977, wakahama mara ya pili. Huko ugenini, kati ya Wachukchi na Warusi, walikuwa wachache, na watoto wao wakakulia katika Kirusi. Leo lugha ya Naukan imebaki kwa wazee wachache. Ndege ilipotoka Nome kwenda Provideniya mwaka 1988, ikiwa na wenyeji wa Alaska, jamaa walikutana tena baada ya miaka 40.

Karibu na magofu ya Naukan upo mnara wa taa uliojengwa mwaka 1956 kwa kumbukumbu ya Semyon Dezhnev, aliyepita hapo kwa mashua mwaka 1648. Basi mpita njia alijengewa mnara, na miaka miwili baadaye wenye mji wakaondolewa. Yampasa mwandishi wa historia aulize kila aonapo mnara: ni nani waliokuwa wakiishi chini yake?