Ittoqqortoormiit: Kijiji kinachofungwa na barafu miezi tisa kwa mwaka

KIJIJI cha Ittoqqortoormiit kiko pwani ya mashariki ya Greenland, kaskazini kabisa mwa dunia, kwenye latitudo ya digrii 70. Wakazi wake hawafiki 400, na hakuna barabara inayokiunganisha na mji wowote mwingine.

Kilianzishwa mwaka 1925 na mvumbuzi Mdenmaki, Ejnar Mikkelsen, aliyeongoza kazi ya kuhamishia huko familia za Wainuiti kutoka Ammassalik, upande wa kusini, ambako mawindo yalikuwa yamepungua. Denmark nayo ilitaka kuimarisha madai yake juu ya pwani hiyo, ambayo Norway pia iliimezea mate. Mahakama ya kimataifa mjini The Hague iliamua mzozo huo mwaka 1933, Denmark ikashinda.

Kinachowavuta wageni ni mazingira. Kijiji kimekaa kwenye mlango wa Scoresby Sund, mkono wa bahari unaopenya kati ya milima kwa takriban kilomita 350, ambao ni miongoni mwa mikubwa zaidi ya aina yake duniani. Kaskazini yake imo Mbuga ya Kitaifa ya Kaskazini Mashariki mwa Greenland, iliyotengwa mwaka 1974. Mbuga hiyo ina ukubwa wa kilomita 972,000 za mraba, kiasi cha kuimeza Kenya nzima na bado nafasi ikabaki.

Humo huishi dubu weupe, mbweha wa theluji na maskoksi, mnyama wa manyoya marefu anayefanana na nyati. Majini mna sili na narwali, nyangumi ambaye dume lake huwa na jino refu mfano wa mkuki.

Msafiri hupitia Iceland kwa ndege hadi uwanja wa Nerlerit Inaat, kisha huabiri helikopta hadi kijijini. Meli hufika majira ya kiangazi pekee, kwa kuwa bahari huganda kwa takriban miezi tisa. Shehena inayoletwa wakati huo ndiyo hutegemewa hadi mwaka unaofuata.

Kati ya Machi na Mei, wageni husafiri kwa magari ya theluji yanayokokotwa na mbwa, wakiongozwa na wawindaji wenyeji. Agosti na Septemba ni zamu ya mashua, zinazopita kati ya milima ya barafu inayoelea.

Hata hivyo, safari hii si ya mzaha. Hali ya hewa ikichafuka, helikopta huahirishwa, hivyo mgeni hushauriwa aweke akiba ya siku na fedha. Aidha, haifai kutoka kijijini bila kiongozi mwenye bunduki, kwa sababu dubu huweza kutokea wakati wowote.

Kwa wenyeji, utalii ni zaidi ya burudani. Barafu ya Aktiki inazidi kupungua kutokana na ongezeko la joto duniani, na njia walizopita mababu haziaminiki tena. Wanasayansi nao wameonya kuwa narwali wa pwani hiyo wamepungua mno na kutaka uwindaji wake usitishwe, ushauri ambao wawindaji wengi wanaupinga. Kwa familia iliyoishi kwa chusa na mbwa, ujira wa kumwongoza mgeni umekuwa njia mojawapo ya kubaki pale pale ilipozaliwa.