Mafuta ya breki za baiskeli katika baridi ya Songea

Mafuta ya breki ni kimiminika kinachopeleka nguvu ya vidole kutoka mkono wa breki hadi kwenye pistoni zinazobana diski. Hutumika katika baiskeli zenye breki za haidroliki, yaani breki za mafuta, hasa baiskeli za milimani. Baiskeli za mizigo zenye breki za vyuma au za waya hazina mafuta haya.

Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kati ya Juni na Agosti, wakati wa kipupwe, asubuhi za huko ni za sweta, lakini maji hayagandi. Kwa hiyo mwenye baiskeli huchagua mafuta kwa kuangalia breki yake imetengenezwa kwa mafuta gani. Baridi ni jambo la pili.

Aina

Jina moja la Kiswahili, mafuta ya breki, linabeba vitu viwili visivyopatana.

*Mafuta ya DOT* hutengenezwa kwa glaikoli. Jina lake ni kifupisho cha Idara ya Uchukuzi ya Marekani, iliyoweka viwango vyake. Hunyonya unyevu wa hewani na hubabua rangi ya fremu. Hutumiwa na breki za Hope, Hayes na nyingi za SRAM.

*Mafuta ya madini* hayanyonyi maji wala hayaharibu rangi. Ya Shimano ni mekundu, ya Magura ni ya buluu. Tektro nao hutumia aina hii. Tangu 2022 SRAM pia wana breki za mafuta ya madini, hivyo jina la kampuni peke yake halitoshi. Soma maandishi kwenye mkono wa breki au kwenye kifuniko cha tangi lake.

| Daraja | Kiwango cha chini cha kuchemka, mapya | Kiwango cha chini cha kuchemka, yakishanyonya maji |
|---|---|---|
| DOT 3 | 205°C | 140°C |
| DOT 4 | 230°C | 155°C |
| DOT 5.1 | 260°C | 180°C |

DOT 5, licha ya jina lake, ni silikoni, na haichanganywi na hizo tatu.

Baridi inavyofanya kazi

Mafuta yakipoa huwa mazito, na pistoni hurudi taratibu. Kero hiyo huonekana hasa kwenye nyuzi nyingi chini ya sifuri, kama majira ya baridi ya Kanada au Norwe. Huko DOT 5.1 hupendwa, kwa kuwa kiwango chake kinaitaka ibaki nyepesi kuliko DOT 4 hata kwenye -40°C. Katika baridi ya Songea aina zote hutiririka vizuri. Anayepanda hadi Kitulo, wilayani Makete, ambako sakitu hutanda usiku, ana sababu zaidi ya kuhakikisha hakuna maji ndani ya breki za mafuta ya madini. Maji hayo hayachanganyiki na mafuta. Hutuama chini kwenye pistoni, huganda kwenye 0°C na huchemka karibu na 100°C.

Kuchemka ndiko kunakomhusu zaidi mwendeshaji wa Ruvuma. Anayetoka Mbinga asubuhi ya baridi kwenda Mbamba Bay anashuka hadi Ziwa Nyasa, lililo takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Mikono inaweza kuwa na ganzi huku diski zinaunguza. Mafuta yenye maji yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea: mkono wa breki unagusa usukani na baiskeli haisimami.

Kosa la kawaida

Kwenye duka la vipuri vya bodaboda, anayeomba mafuta ya breki hupewa DOT 3 au DOT 4, kwa kuwa ndiyo ya pikipiki. Yakiingia kwenye breki ya mafuta ya madini, mipira ya ndani huvimba, pistoni hukwama na breki huanza kuvuja. Kusafisha pekee hakutibu. Mipira yote hubadilishwa, na isipopatikana, breki nzima. Kinyume chake nacho huharibu.

Chupa isiyo na lebo hupimwa kwa glasi ya maji: dondosha matone machache na ukoroge. DOT hupotea majini. Mafuta ya madini huelea juu.

Kubadilisha

DOT hubadilishwa walau mara moja kwa mwaka. Mafuta ya madini hubadilishwa yakiwa meusi au breki ikilegea. Kwa Songea mwezi unaofaa ni Mei: mvua zilizoanza Novemba zimekwisha na kipupwe hakijakolea. Fundi atoe upepo wote kwenye mpira wa mafuta, na pedi ziwekwe mbali, kwani tone moja likizigusa hazishiki tena. Chupa ya DOT iliyofunguliwa wakati wa masika isitumike Juni: imekwisha kunyonya unyevu wa mvua hizo.